MITA 60 HAZIPIMWI DODOMA

Mto Kanoni hukatiza mji wa Bukoba na kuingia Ziwa Victoria. Maji yake yako chini ya wizara moja. Samaki wa Bumbire, wilayani Muleba, wako chini ya nyingine. Migomba na mibuni chini ya tatu. Halmashauri nazo ziko chini ya TAMISEMI. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hata hivyo, nahodha aliwekwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliikabidhi Ofisi ya Makamu wa Rais dhamana ya kuunganisha kazi hizo. Iliagiza kila halmashauri iwe na ofisa wa mazingira na kila kijiji kamati yake. Iliweka pia mpaka wa mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Mita hizo hazipimwi Dodoma. Hupimwa kwa kamba, mtoni, mbele ya wananchi. Kamati isiyokutana ni jina tu. Ofisa Mtendaji hana budi kuitisha kikao. Mwalimu naye aeleze sababu ya mpaka huo, ili mkulima asiuone kuwa adhabu. Halmashauri nayo impe ofisa wake nyenzo za kuwafikia. Muundo bila utendaji haulindi ziwa.