Lishe ya dripu: Kupima mfuko pekee hakutoshi

MNAMO Agosti 2010, watoto 11 waliokuwa wamelazwa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Mainz, Ujerumani, walitiwa dripu ya lishe iliyokuwa na bakteria. Watatu kati yao walifariki. Lishe hiyo ilikuwa imechanganywa katika famasia ya hospitali yenyewe, na kidole cha lawama kikaelekezwa kwanza kwa wahudumu wake.

Uchunguzi ulionyesha mengine. Chupa moja ya kioo, iliyokuwa na asidi amino za kujenga protini, ilipatikana na ufa. Sumu iliyoachwa humo na bakteria ilikuwa nyingi mno, ishara kwamba viini vilikuwa vimezaana kwa muda mrefu kabla ya chupa kufika hospitalini. Wahudumu wakaondolewa lawama.

Hata hivyo, kisa hicho kinafaa kuwakosesha usingizi wasimamizi wa hospitali kwingineko. Famasia ya Mainz ilikuwa imehifadhi sampuli na kuipima, jinsi inavyotakikana. Ni sampuli hiyo iliyopiga kengele, lakini wakati huo lishe ilikuwa tayari imo mishipani mwa watoto.

Lishe hii hupewa wagonjwa ambao matumbo yao hayawezi kufanya kazi, hasa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Huwa na sukari, asidi amino, mafuta, madini na vitamini, vyakula ambavyo bakteria navyo huvichangamkia. Kipimo kamili cha kuthibitisha kwamba dawa haina viini huchukua siku 14, ilhali mfuko wa mtoto huchanganywa leo na kuisha kesho. Anayesubiri majibu atamwacha mtoto na njaa.

Kwa sababu hiyo, ubora hauna budi kulindwa kabla ya mfuko kufungwa: hewa ya chumba, mikono ya mchanganyaji, vichujio, na chupa zenyewe kukaguliwa moja baada ya nyingine. Wafamasia hujaribiwa kwa kuchanganya maji ya kuoteshea bakteria badala ya lishe. Maji hayo yakichafuka baada ya siku kadhaa, mhusika hurudishwa mafunzoni kabla ya kugusa dawa ya mgonjwa.

Madhara ya kupuuza hatua hizo yalionekana Marekani mwaka wa 2011. Wagonjwa 19 katika hospitali sita za jimbo la Alabama waliambukizwa bakteria aina ya Serratia marcescens kupitia lishe ya dripu, na tisa wakafariki. Kwa kuwa asidi amino zilikuwa zimeadimika sokoni, famasia iliyowauzia hospitali lishe hiyo ilianza kuzitengeneza yenyewe kutokana na unga. Wachunguzi walipata bakteria hao kwenye mfereji wa maji na kwenye chombo cha kuchanganyia, na wakabaini kwamba uchujaji haukufanywa ipasavyo. Uhaba, si uzembe pekee, ndio uliofungua mlango.

Wala si viini tu vinavyoua. Mwaka wa 1994, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya vifo viwili vilivyohusishwa na chembechembe za kalsiamu na fosfeti zilizogandamana ndani ya lishe. Mafuta yakishatiwa, mfuko huwa mweupe kama maziwa na chembe hizo hazionekani kwa macho. Kinga yake ni hesabu iliyokaguliwa na mfamasia wa pili, kutanguliza fosfeti na kuchelewesha kalsiamu, na kichujio kwenye mrija wa mgonjwa.

Nchini Kenya, jukumu la kusimamia dawa na famasia ni la Bodi ya Famasia na Sumu. Wakaguzi wakitembelea hospitali inayochanganya lishe hii, stakabadhi za kudai kwanza si leseni iliyotundikwa ukutani. Ni daftari la majaribio ya wachanganyaji, tarehe za kubadilishwa kwa vichujio, na maagizo ya maandishi kuhusu hatua za kuchukuliwa siku ambayo asidi amino zitakosekana.