Shakwe wa Ziwa Victoria Wanatuhusu Sisi wa Sosiot



Habari za ndege wa pwani huishia Mida Creek, kule Watamu. Maji yakipwa, wenye midomo mirefu huchokora ndani ya tope, wenye midomo mifupi huokota juu juu, na wote hushiba ufuo ule ule. Sisi wa majani chai husoma na kufungua ukurasa mwingine, kana kwamba hayatuhusu.

Yanatuhusu sana. Baridi inapokaribia, shakwe wenye migongo myeusi huondoka Finland na kuja hadi Ziwa Victoria, kuishi na shakwe wenyeji wenye vichwa vya kijivu. Buabua wa Ulaya Mashariki nao hufika. Ziwa hilo hupokea Mto Sondu, unaobeba maji ya Kericho na Bomet. Udongo unaomomonyoka mashambani mwetu huenda kutua kwenye mafunjo ya ziwani, samaki wanakozaliana.

Huku kwetu juu nako, inaniuma kuona mabonde yetu yenye matete yakijazwa mikaratusi hadi ukingoni mwa maji. Mti huo hufyonza maji mno, na korongo taji, ambaye hutaga kwenye majimaji hayo hayo, anakosa pa kujenga kiota.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima ndani ya ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka mtoni, kulingana na upana wa mto. Naiomba serikali ya kaunti iweke vigingi vya mipaka, machifu walizungumzie barazani, na wenye mikaratusi mabondeni waikate na kupanda mianzi kabla ya mvua ndefu.

Msomaji,
Sosiot, Kericho