NCHI TULIMOHAMIA: Kiti kimoja cha Provencher



Jamaa yetu mmoja, ambaye tangu apate uraia hajakosa uchaguzi mkuu hata mmoja, alituambia hivi karibuni kwamba kadi ya uchaguzi mdogo ilipomfikia kwa posta aliigeuza nyuma akaandikia mahitaji ya sokoni. Hoja yake ilikuwa nyepesi: serikali ipo na haiondoki, kiti kimoja hakiongezi wala hakipunguzi. Hatukumjibu papo hapo, maana basi lake lilikuwa limekwisha fika. Tunamjibu hapa, na jibu tumelitafuta katika miaka ya mwanzo ya Kanada yenyewe, ilipokuwa shirikisho changa ambalo watu wake wengi hawakuwa na hakika kama wanalitaka.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Kule kwetu neno “jimbo” hubeba mizigo miwili. Katika safu hii Ontario, Quebec na wenzao tutawaita mikoa, na sehemu inayomchagua mbunge mmoja ndiyo tutakayoiita jimbo.

Shirikisho lilizaliwa tarehe 1 Julai 1867 likiwa na mikoa minne: Ontario, Quebec, New Brunswick na Nova Scotia. Tangu mwanzo viti vya Bunge vilikuwa vikiachwa wazi kwa sababu nyingi. Wengine walifariki. D’Arcy McGee, mbunge wa Montreal West na mmoja wa waasisi wa shirikisho, alipigwa risasi mjini Ottawa alfajiri ya tarehe 7 Aprili 1868, akirejea nyumbani kutoka kikao kilichochelewa, na wapiga kura wake wakaitwa upya. Wengine walivuliwa viti na mahakama kwa sababu ya hongo. Baada ya uchaguzi mkuu wa 1874 hata Sir John A. Macdonald, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza, alivuliwa kiti chake cha Kingston, ikambidi kukigombea tena.

Lakini sababu moja ingewashangaza wengi wetu leo. Kwa sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza, mbunge aliyeteuliwa kuwa waziri alipoteza kiti chake, akalazimika kurudi jimboni kuomba kura upya. Fikra yake ilikuwa hii: wananchi walimtuma kuikagua serikali, sasa amekuwa sehemu ya serikali na analipwa nayo, basi arudi awaulize kama bado wanamtaka. Sheria hiyo ilidumu nchini hadi 1931.

Wa kwanza kuonja ukali wake alikuwa Joseph Howe wa Nova Scotia. Mkoa huo uliingizwa katika shirikisho bila watu wake kuulizwa, na walipopata nafasi ya kusema mwaka 1867 walisema: katika viti 19, wapinzani wa shirikisho walitwaa 18. Kiongozi wao alikuwa Howe. Alikwenda London kuomba mkoa uachiwe huru, akarudi mikono mitupu. Ndipo alipozungumza na Macdonald, akaupatia mkoa wake fedha zaidi, na Januari 1869 akaingia katika baraza la mawaziri lile lile alilokuwa akilipinga. Kwa wenzake huo ulikuwa usaliti. Ikambidi arudi jimboni Hants katikati ya baridi kali, mzee aliyepita miaka 60, azunguke kijiji kwa kijiji akijieleza mbele ya watu waliompigia kura kwa ahadi iliyo kinyume. Alishinda, lakini kampeni ile ilimvunja afya, na aliaga dunia mwaka 1873.

Wasomaji wetu waliotoka Kenya wataukumbuka mwaka 1966, pale Katiba ilipobadilishwa ili wabunge waliohamia KPU ya Oginga Odinga warudi kwa wapiga kura. Kanuni inafanana, ila mkono ulioishika si ule ule: Hants aliyerudishwa ni yule aliyejiunga na serikali, Kenya ni wale walioiacha.

Wilfrid Laurier naye hakuwa na bahati ya Howe. Alipofanywa waziri Oktoba 1877, jimbo lake la Drummond-Arthabaska lilimwangusha kwa kura zisizofika 30, baada ya mapadri wengi kuwaonya waumini dhidi ya chama chake cha Liberal. Rafiki mmoja akamwachia kiti cha Quebec East, akachaguliwa huko Novemba mwaka huo huo. Alikishikilia hadi alipofariki mwaka 1919, na katika muda huo alikuwa Waziri Mkuu kwa miaka 15. Wapiga kura wasiofika 30 nusura wabadilishe historia, na jamaa yetu anasema kiti kimoja si kitu!

Sasa tuje Manitoba, maana ndiko kisa chenyewe kiliko.

Manitoba iliingia katika shirikisho mwaka 1870 baada ya Wametisi, watu waliochanganya damu ya Wafaransa na ya wenyeji wa asili, kukataa ardhi yao ikabidhiwe Kanada bila wao kuulizwa. Kiongozi wao, Louis Riel, aliunda serikali ya muda, na serikali hiyo ndiyo iliyopatana na Ottawa mkoa uanzishwe. Lakini chini yake pia aliuawa Thomas Scott, mtu wa Ontario, kwa hukumu ya kijeshi, na Ontario haikusamehe. Mkoa huo ulitangaza zawadi ya dola 5,000 kwa atakayewezesha wauaji kukamatwa. Riel akawa mwasisi wa mkoa na mtu anayesakwa kwa wakati mmoja.

Mwaka 1872 aligombea jimbo la Provencher. Wakati huo chaguzi hazikufanyika siku moja nchi nzima, na huko Montreal waziri mkubwa, George-Étienne Cartier, alikuwa amekwisha kushindwa. Riel akajiondoa ili Cartier apite bila kupingwa, kwa matumaini ya msamaha. Msamaha haukuja. Cartier alifariki London Mei 1873, kiti kikawa wazi, na katika uchaguzi mdogo wa Oktoba watu wa Provencher wakamchagua Riel bila mpinzani. Alisafiri hadi ng’ambo ya mto unaoitenga Hull na Ottawa, akaliona Bunge kwa macho, akaogopa kukamatwa, akarudi.

Katika uchaguzi mkuu wa 1874 wakamchagua tena. Mwezi Machi aliingia Bungeni kwa siri, akala kiapo mbele ya karani, akatia sahihi katika daftari la wabunge, akatoweka kabla habari haijaenea. Aprili Bunge likapiga kura kumfukuza. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, na Septemba Provencher ikamrudisha mtu yule yule bila kupingwa. Mara tatu katika muda wa mwaka mmoja!

Hatusemi kwamba Riel hakuwa na la kujibu. Damu ya Scott ilimwagika, na hilo ni zito. Tunachokiona ni wakulima na wawindaji wachache, mbali mno na Ottawa, ambao kila walipoulizwa walitoa jibu lile lile, hata baada ya kuambiwa kwamba jibu hilo halikubaliki. Wala hawakuwa wote waliohesabiwa: wanawake hawakuwa na kura, na wenyeji wengi wa asili walingoja hadi 1960 kupiga kura za shirikisho bila kwanza kuacha hadhi yao ya kisheria.

Mwaka 1875 Riel alipewa msamaha kwa sharti la kukaa nje ya nchi miaka mitano. Kiti kikatangazwa kuwa wazi, na safari hii Provencher ikamchagua mtu mwingine. Riel hakupata kuketi Bungeni hata siku moja. Aliongoza maasi mengine Saskatchewan mwaka 1885, akanyongwa Regina tarehe 16 Novemba.

Hilo ndilo jibu letu kwa jamaa yetu. Kwa wale ambao kiti cha jimbo lao kiko wazi: kwa sheria ya sasa uchaguzi mdogo hauna budi kutangazwa ndani ya siku 180 tangu Afisa Mkuu wa Uchaguzi apewe taarifa rasmi. Kadi hufika kwa posta. Mahitaji ya sokoni yaandikwe nyuma ya bahasha.