Njia ya Nyamongo kwenda London

Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwaua kwa risasi watu wasiopungua watano katika mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, wilayani Tarime. Mwaka 2013 shauri kuhusu vifo na majeraha ya mgodini hapo likafunguliwa, si Tarime wala Musoma, bali London, dhidi ya African Barrick Gold na kampuni yake tanzu. Februari 2015 pande zikapatana nje ya mahakama. Masharti hayakutangazwa, na umma haukupata hukumu.

Wapo wanaouliza, hata miongoni mwetu wasomi: kwa nini watu hawa wakimbilie kwa Wazungu? Swali hilo lingekuwa na uzito kama mlango wa jirani ungekuwa wazi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha. Ukitoka Nyamongo ukapita Mugumu na kukatiza hifadhi ya Serengeti, utafika. Mwaka 2010 Tanzania iliweka tamko, chini ya kifungu cha 34(6) cha Itifaki, la kuwaruhusu raia kuishitaki serikali yao pale. Novemba 2019 ikaliondoa, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Sisi ndio wenyeji wa mahakama ambayo mjane wa Tarime hawezi kuifikia.

Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, hutoa miezi miwili tu ya kufungua shauri. Katika muda huo familia nyingi hazijamaliza hata kulipa madeni ya msiba. Iko pia Tume ya Banjul, lakini hiyo hutaka kwanza njia za ndani ziwe zimekwisha.

Novemba 2022 familia nyingine zilikwenda Ontario, Kanada, kuishitaki Barrick. Novemba 2024 jaji akasema hana mamlaka, na kwamba Tanzania ndipo mahali panapofaa zaidi. Kisheria hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mimi mwenyewe ningependa iwe kweli. Tena mahakama za ng'ambo huulizwa juu ya kampuni, ilhali aliyeshika bunduki ni askari wa Jamhuri. Na Jamhuri hiyo sasa ina hisa asilimia 16 za mgodi.

Serikali hujibu kwamba waliopigwa ni wavamizi wenye mapanga na mawe. Yawezekana wengine walikuwa hivyo. Lakini hilo ni dai la kuthibitishwa mbele ya hakimu, kwa ushahidi, huku ndugu wa marehemu wakisikiliza, na si la kumalizwa kwa taarifa kwa vyombo vya habari.

Tamko la Arusha liliondolewa kwa barua moja ya waziri. Kulirudisha hakuhitaji zaidi ya barua nyingine kama hiyo, na wabunge wa Tarime na Serengeti wana kila sababu ya kuuliza bungeni itaandikwa lini.