Paka mzee naye ataka nyumba

Juma hili tutasema habari za paka. Si mtoto wa paka achezaye na uzi, bali yule aliyekwisha kula miaka mingi.

Mtu akitaka paka, mara nyingi hutafuta mdogo. Wahenga walisema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini wako na wazee, na wengi wao walikuwa na kwao. Pengine bwana wao amekufa, au ameingia hospitali, au amehamia nyumba isiyokubali wanyama. Paka hakukosa neno, lakini mlango umefungwa.

Katika miji ya Ulaya na Marekani ziko nyumba za kupokea wanyama kama hao. Ile ya Battersea, mjini London, ilianzishwa mwaka 1860 kwa ajili ya mbwa, na mwaka 1883 ikaanza kupokea na paka. Siku hizi vyama vingi vya namna hiyo huomba jamaa za watu kulea mnyama nyumbani kwao kwa muda, mpaka apatikane mwenye kumchukua kabisa.

Desturi hiyo humfaa sana paka mzee. Ndani ya kizimba, kati ya harufu ngeni na kelele, hujikunja pembeni na kukataa chakula, hata wageni humdhani mkali au mgonjwa. Nyumbani hali yake ya kweli huonekana. Mlezi aweza kusema: huyu ni mpole, hupenda kupakatwa, hawaogopi watoto, hutumia sanduku lake la mchanga bila kukosa. Kwa mtoto wa paka nani awezaye kusema hivyo? Tabia yake haijaonekana bado.

Waganga wa wanyama humhesabu paka kuwa mzee apitapo miaka 10. Lakini mwenye kutunzwa vizuri aweza kufika 15 na zaidi. Paka mmoja wa Austin, katika Texas, jina lake Creme Puff, alizaliwa mwaka 1967, akafa mwaka 2005, mwenye miaka 38!

Basi, baba na mama mnaompokea mzee huyo, mpeni kwanza chumba kimoja kitulivu, chenye maji, chakula, mchanga na mahali pa kujificha. Msimvute atoke, atatoka mwenyewe. Lakini akikaa zaidi ya siku moja bila kula, ulizeni mganga, maana njaa ya siku chache huweza kuharibu ini lake. Akinywa maji mengi kuliko desturi na kukonda, pengine mafigo yanaugua, au ana ugonjwa wa sukari. Akishindwa kuruka, viungo vyamwuma: mwekeeni kitu cha kukanyaga. Maziwa huwaharisha paka wengi waliokua. Tena msimpe kamwe dawa ya watu iitwayo parasetamoli; kidonge kimoja chaweza kumwua.

Nanyi watoto, mwacheni alale. Msimvute mkia, wala msimfukuze chini ya kitanda.

Wengine husema: Ya nini kumzoea mnyama atakayekufa upesi? Ni kweli, siku zake huenda zikawa chache, na watoto watalia. Hatuwafichi neno hilo. Lakini paka hahesabu miaka iliyobaki. Anatafuta mahali pa joto leo, na mkono usiompiga. Naye hulipa kadiri yake: hukaa karibu nanyi jioni na kukoroma kwa furaha.

Mahali pasipo vyama vya namna hiyo, shauri hili lafaa vilevile. Jirani akihama au akifa, tazameni uani pake: je, paka wake amebaki na nani? Kama angali anangoja mlangoni, mpelekeeni maji na chakula, kisha ulizaneni nyumbani kama mwaweza kumchukua.