Fundi wa Uani Naye Apewe Cheti



Wako wenzetu wanaojiundia pikipiki nyumbani kwa vipande vya kuokoteza: fremu ya pikipiki moja, injini ya nyingine, magurudumu ya nyingine tena. Kuna watu wanaowacheka na kusema hicho ni kiraka juu ya kiraka. Wengine huwasifu mno, kana kwamba chombo kikishanguruma kazi imekwisha. Wote wamekosea. Kuunda pikipiki ni ufundi kamili, na ufundi una wajibu wake na haki zake.

Tuanze na sababu. Mchuma chai wa Pfunda, au mwenzetu wa zamu ya usiku katika kiwanda cha bia cha Gisenyi, akiwa na makao yake huku Cyanzarwe, ana safari ya kupanda na kushuka kila siku. Bei ya pikipiki mpya na mshahara wake havionani. Basi mwezi huu ananunua fremu, mwezi ujao rimu, na kila kipande anakiweka uani. Hiyo ndiyo akiba ya mtu wa jasho.

Wala si jambo la aibu. Ng'ambo ya mpaka, Goma, mafundi huchonga chukudu kwa mbao, huvisha magurudumu yake mpira wa matairi makuukuu, na chombo hicho kisicho na injini hubeba mamia ya kilo za viazi na makaa. Mwaka 2009 mji huo ulimsimamishia msukuma chukudu sanamu kubwa. Hata Uingereza, katika miaka ya 1950 na 1960, vijana walikuwa wakitoa injini ya Triumph na kuifunga katika fremu ya Norton. Wakaunganisha na majina pia, wakaiita Triton. Siku hizi wapenda pikipiki huzitafuta kwa bei kubwa.

Lakini pikipiki si chukudu. Ina mwendo, na kosa dogo la fundi linaweza kumwacha mtu barabarani. Tazama cheni peke yake. Cheni ya namba 428 ina nafasi ya milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ya namba 520 ina milimita 15.875. Ukiilazimisha moja ikae kwenye meno ya nyingine, itaruka, na ikijisokota mteremkoni hufunga gurudumu la nyuma. Tazama na fremu. Bomba jembamba lililochomelewa ovyo shingoni hupasuka kando ya mahali palipochomelewa, nawe huoni ufa kwa kuwa umeupaka rangi. Na anayefunga injini kubwa huku akiacha breki za injini ndogo ameongeza mbio bila kuongeza njia ya kusimama.

Kwa hiyo kanuni ya fundi mwaminifu ni hii: breki kwanza, injini baadaye. Magurudumu mawili yapimwe kwa kamba mpaka yakae mstari mmoja. Kila kipande kinunuliwe kwa stakabadhi yenye jina la muuzaji, usije ukashikwa na mali ya wizi. Na namba za fremu na injini zilingane na karatasi za chombo. Kama hazilingani, usiingie barabarani mpaka jambo hilo limerekebishwa kwa wanaohusika. Bima ni lazima kisheria, na ajali ikitokea, karatasi zenye kasoro zitawatesa wale uliokuwa ukiwatafutia chakula.

Huo ndio wajibu. Sasa haki ziko wapi?

Fundi anayejua haya yote, tena aliyejifunza kwa macho na mikono yake, akienda kuomba kazi ya ufundi huulizwa jambo moja tu: cheti. Hana. Basi hurudi kubeba magunia, na ujuzi wake hubaki uani. Hapo ndipo chama kinapotakiwa kuingia.

Njia ipo, nayo imekwisha kupitiwa. STECOMA, chama cha wafanyakazi wa ujenzi, useremala na kazi za mikono, kilicho ndani ya shirikisho letu la CESTRAR lililoundwa mwaka 1985, kilisimamia jambo hili kwa waashi. Watu waliojifunza kazi bila kukaa darasani walipimwa kwa vitendo, na waliofaulu wakapewa vyeti. Kama mwashi anaweza kupimwa kwa ukuta aliojenga, kwa nini fundi wa pikipiki asipimwe kwa breki alizofunga?

Tena tusichelewe. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali zinaandikishwa zikiwa za umeme tu. Zipo karakana zinazotoa injini ya petroli katika fremu kuukuu na kufunga mota na betri. Kazi hiyo ni ileile ya mwenzetu wa uani: kukifanya kipande cha huku kikubaliane na kipande cha kule. Lakini watakaoajiriwa kwanza ni wenye karatasi mkononi.

Nashauri basi kila tawi liandike majina ya wanachama wenye ufundi huu, na chama kiyapeleke kwa wenye mamlaka ya mafunzo ya ufundi ili watu wapimwe. Atakayefaulu apewe cheti. Atakayeshindwa aambiwe amekosa wapi, akajifunze. Na waajiri wasitumie pikipiki hizi kuwa kisingizio cha kutowapa wafanyakazi wa usiku usafiri wa salama. Mfanyakazi aliyejitengenezea miguu ya chuma hajamfutia mwajiri deni lake.

Ndugu, mkutano wa tawi ukiitishwa, liletwe jambo hili. Mtu akinyamaza na ujuzi wake, wengine watausema kuwa wao.

Umoja ni nguvu.