Wazazi tusiitwe shuleni kwa michango tu





Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, wapo wazazi wanaodhani kazi yao imekwisha: mtoto akishavuka geti la shule, basi ni wa Serikali. Wanasahau kuwa sare, madaftari na chakula cha mchana bado viko mikononi mwetu.

Lakini walimu nao wajitazame. Shuleni anakosoma mwanangu, barua ya kikao huletwa jioni, kikao chenyewe kesho yake saa nne asubuhi, na ajenda ni mchango. Mama lishe aache sufuria jikoni akasikilize hilo? Ubao wa matangazo umejaa vumbi. Mapato na matumizi hatuyaoni.

Napendekeza vikao viwe Jumamosi, kamati ya shule ibandike hesabu kila muhula, na mzazi aitwe pia mwanawe anapofanya vizuri. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayakomi getini.

Mzazi wa Darasa la Nne,
Morogoro